Kaltumu na Mchoraji wa Vyumba Vitupu

Mtaani Majengo, Gisenyi, hakuna aliyewahi kumsikia Kaltumu akisifu kitu mara mbili. Mara moja aliteleza, siku ya Idi, akausifu mchuzi wa jirani. Jirani akaamini, akawa anamletea bakuli kila Ijumaa, hadi Kaltumu alipolazimika kumweleza ukweli kuhusu ile chumvi. Tangu hapo akawa mwangalifu. Watu walimwogopa kidogo, na bado walimletea vipimo vya madirisha yao, kwa sababu kutoka mpakani mpaka Rugerero hapakuwa na mtu aliyeshona mapazia kama yake.

Babu yake alitoka Ujiji na chumvi na majora ya nguo, akaishia hapa kwa sababu ya biashara, au kwa sababu ya mwanamke; familia haijawahi kukubaliana. Baba yake, Habib, aliweka cherehani barazani pa duka, na Kaltumu akaikalia akiwa na miaka tisa. Alianza na magauni, akayaacha. Miili ya wateja ilimchosha: mtu anapimwa leo, anakuja kuchukua gauni mwezi ujao na kiuno kingine, halafu lawama zinamwangukia fundi. Dirisha halinenepi. Akahamia kwenye mapazia na hakutazama nyuma. Aliolewa na Kadiri, dereva wa lori, mtu mpole aliyekuwa nyumbani siku nane kwa mwezi, na hiyo, kwa maoni ya Kaltumu, ndiyo sababu ndoa yao ilidumu. Kadiri akafariki. Binti yao wa pekee, Rayhana, akaolewa Nyamirambo, kule Kigali, na muuza vipuri anayeongea huku anatafuna. Kaltumu akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, cherehani nyeusi ya baba yake karibu na dirisha la sebule, na miaka sitini na tatu.

Kisha macho yake yakaanza kufa. Daktari alimwambia hivyo kwa upole uliomkera. Ni presha ya macho, alisema; kilichopotea hakirudi, tujaribu kulinda kilichobaki, weka matone asubuhi na jioni. Kaltumu alikuwa haoni tena kushoto wala kulia. Alichobakiwa nacho ni kijishimo kimoja mbele, nacho kilitaka mwanga mwingi, la sivyo kilijaa ukungu. Aliikunja karatasi ya daktari, akaifukia chini kabisa ya kopo la vifungo, na hakumwambia mtu yeyote.

Hakumwambia mtu kwa sababu habari ingefika kwa Rayhana. Jirani yao mmoja, Kankindi, aliyesuka mikeka miaka arobaini, alipoanza kupapasa kuta watoto wake walimhamishia Kigali wiki hiyo hiyo. Kaltumu alikwenda kumtembelea mara moja. Alimkuta amekalishwa pembeni mwa kochi, televisheni imewashwa mbele yake, chakula anapewa kimeshakatwakatwa. Mikono yake ilikuwa imelazwa mapajani, haina kazi. Naye Rayhana alishasema kwa simu, tena kwa mapenzi yote, “Mama, siku hautaweza tena, nakuja na voiture siku ile ile. Ile mashini tutapatia wamama wa musikiti.” Kaltumu aliisikia ahadi hiyo ya gari kama hukumu, na kwa miaka miwili alikuwa akiikimbia.

Mahali pa kujificha palikuwapo tayari, na palikuwa ni dharau yake. Rangi zilikuwa zinamchanganya, basi alikishika kitambaa cha mteja kwa vidole viwili, kama ameshika panya, akauliza, “Hii we unaita rangi gani?” Mteja, kwa aibu, alijieleza mwenyewe: ni kahawia, Mama, lakini ile ya kukolea. Hakuwaona watu waliompita kandokando barabarani, kwa hiyo hakuwasalimia, na mtaa ukasema majivuno yamemzidi. Sawa kabisa. Mwenye majivuno anaachiwa cherehani yake. Alipima kwa kamba yenye mafundo, akidai tepu za dukani zinadanganya. Alikata alama ndogondogo ukingoni mwa kitambaa ili kidole gumba kijue mshono upite wapi. Sindano alizitia uzi asubuhi, pale mlangoni, jua likishavuka mlima Rubavu, na nyingine zilimchukua robo saa kila moja.

Lakini jambo moja lilikataa kufichika. Majengo, pazia la sebule hufungwa mchana. Limefungwa tangu enzi za bibi zao, jua lisibabue makochi na wapita njia wasijue umenunua nini. Anayeliacha wazi anajionyesha, hana maelezo mengine. Na Kaltumu, fundi wa mapazia, aliyewafundisha nusu ya mtaa kufunga, alianza kuliacha la kwake wazi kutwa nzima. Mtaa ukatafuta sababu, ukaipata upesi: makochi mapya. Ni kweli Rayhana alikuwa amemtumia makochi, ya rangi ya maziwa, mabaya. Majirani wawili wakaona hawawezi kushindwa na mjane. Nao wakafungua mapazia ili makochi yao yaonekane, na kiangazi kilipokwisha mahameli yao nyekundu ilikuwa imegeuka rangi ya nyama iliyochemshwa. Kaltumu akawashonea vifuniko vipya, akawasikiliza wakilaumu kiwanda, na hakuwaonea huruma hata kidogo.

Aliyeuliza wazi alikuwa Cansilde. Huyu alijifunza kushona kwa Kaltumu, na sasa alikuwa na cherehani yake ng’ambo ya barabara, akishona majoho ya kwaya ya parokia. “Mama Rayhana,” alisema siku moja akiwa amesimama dirishani, “hii rido unaiacha wazi ju ya nini? Weye ndio ulitufundisha kufunga.” Kaltumu akamwambia akanyooshe kwanza mishono ya yale majoho, mapadri wenyewe wanaona aibu. Cansilde akacheka, akaenda zake. Lakini swali lile lilimtia Kaltumu hofu, kwa sababu Cansilde hakuwa mjinga. Alikuwa na mshono mbaya tu.

Ndipo akaja Narcisse, na mwanzoni Kaltumu alimhesabu kama neema.

Narcisse alizaliwa Goma, akapelekwa Ubelgiji kusomea uchoraji, akarudi na ndevu na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa amepanga nyumba ya zamani kando ya ziwa, yenye madirisha marefu, na alihitaji mapazia.

“Nataka ya mweupe, Mama,” alisema. “Ya mwepesi. Lumière ipite pole pole.”

“Mweupe, hapa kwetu?” Kaltumu akasema. “Vumbi ya volkano itakufanyia ya kijivu mbele ya Ijumaa. Na kama unataka mwangaza, si ufungue. Kama hautaki, funga. Hiyo ya pole pole iko nini?”

Narcisse akatafakari swali hilo kana kwamba lilikuwa swali. Kaltumu akamshonea mapazia meupe, mepesi, kwa moyo wa mtu anayemshonea mwendawazimu.

Alipokwenda kuyatundika, alikuta picha zimeegemezwa ukutani. Nyumba ile ilikuwa na mwanga mwingi, kwa hiyo aliweza kuzisogelea na kuzitazama kipande kwa kipande, kama mtu anayekagua kitambaa kwa kutafuta tundu. Chumba. Dirisha upande wa kushoto. Mwanga umelala sakafuni. Kiti kimoja, na mwanamke amesimama, amegeuza mgongo. Picha ya pili: chumba, dirisha upande wa kushoto, mwanga sakafuni, mwanamke, mgongo. Katika ya tatu mwanamke alikuwa anasoma barua, naye amegeuza mgongo. Hapakuwa na kikombe, hapakuwa na ndala, hapakuwa na hata waya wa kuchajia simu.

“Hawa wanawake uliwakosea nini?” akauliza. “Wote wanakupatia mugongo.”

Narcisse hakucheka. “Mama, mi sichori wanawake. Nachora lumière. Nachora kimya ya nyumba.”

Kimya cha nyumba. Kaltumu alikuwa ameingia katika nyumba za Gisenyi zaidi ya miaka hamsini, za Waislamu na za Wakristo, za matajiri wa ziwani na za wachuuzi wa mpakani, na hakuwahi kukutana na kitu hicho. Nyumba ina redio. Ina sufuria inayoungua, ina shemeji asiyeondoka. Nyumba ikinyamaza, ama kuna mgonjwa, ama watu wamenuniana. Huyu bwana alikuwa anachora nyumba zilizonuniana na kuziita uzuri, na ilikuwa wazi kwa Kaltumu kwamba hajawahi kufagia hata chumba kimoja. Alishuka kwenye ngazi akapapasa pindo la pazia la mwisho, akajua limenyooka, na akaondoka bila kusema zaidi, jambo ambalo kwake lilikuwa adabu kubwa.

Wiki iliyofuata Narcisse alikuja Majengo kufuata vishikizo vya mapazia vilivyosahaulika. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, jua limeshaelekea upande wa Goma, na mwanga ulikuwa unaingia sebuleni kwa Kaltumu moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma. Narcisse akasimama mlangoni asiingie wala asitoke.

“Mama,” akasema, “hii lumière, inaingia hivi kila siku?”

Akaomba kumchora pale, karibu na dirisha, na kazi yake mkononi. Kaltumu alikuwa na “hapana” imeshaiva mdomoni. Kisha akaona. Mchoraji anataka mwanga. Pazia lililo wazi, kiti kilichovutwa dirishani, ile taa ndefu aliyoifunga juu ya cherehani na kudai ni ya mbu: vyote, tangu leo, vilikuwa vimepata mtu wa kusingiziwa. Ataulizwa kwa nini anaacha wazi, atajibu ni huyu chizi wa ziwani. Akaimeza ile hapana, na kabla jua halijazama alikuwa ameshavuka barabara kumweleza Cansilde, akilalamika sana.

Narcisse akaja na turubai lake la kuchorea, na jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kuondoa vitu. Aliondoa chupa ya chai. Aliondoa kalenda, na maua ya plastiki, na picha ya Kaaba, na redio. Aliviondoa vitambaa vilivyofumwa juu ya makochi, halafu makochi yenyewe, na kwa hilo la mwisho tu Kaltumu alimwona ana akili. Alipomaliza, sebule ilibaki na kiti, ukuta na dirisha.

“Mwizi akipita ndivyo anaachaka,” Kaltumu akasema.

“Bon. Sasa, Mama, geuka. Angalia ku dirisha, mi nabaki nyuma yako.”

“Nyuma yangu?”

“Eh. Mugongo.”

Kaltumu akaweka kitambaa chini. Alimweleza, polepole, kwamba katika nyumba ya Habib mgeni hapewi mgongo. Hata wale jamaa waliokuja kudai lori la Kadiri siku ya arobaini walipewa uso, uso mbaya lakini uso. Kama Narcisse anataka migongo, aende stendi ya basi. Narcisse akapumua, akavuta turubai lake mpaka pembe nyingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuchora vyumba akamchora mwanamke kwa mbele.

Cherehani ilikatazwa, kelele zake zilimharibia Narcisse kimya chake. Basi Kaltumu akawa anapinda pazia kwa mkono, kwa muda wa saa mbili kila jioni, majuma matatu. Siku za mwanzo aliogopa, na aliogopa kweli, mpaka kwapa zikalowa. Kama kuna mtu angeona, angekuwa huyu, anayelipwa kutazama. Macho yake Kaltumu hayakuwa na kazi katika kushona kwa mkono. Vidole ndivyo vilivyotembea. Macho aliyapumzisha kwenye ukuta wa mbele, ambako mwanga haukumchoma. Alikuwa anasubiri Narcisse aulize.

Siku ya nne sindano ilimponyoka. Akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja, upande usio wenyewe, akapapasa tena.

“Mama, tafadhali,” Narcisse akasema. “Ule mukono. Urudishe pale, ulikuwa unashika mwangaza muzuri sana.”

Baada ya hapo Kaltumu hakumwogopa tena. Alimdharau kwa raha. Mtu anakutazama saa mbili kila siku na anachokiona ni ukuta ulio nyuma yako. Alikuwa akiongea peke yake kuhusu manjano: manjano ya sakafuni ina baridi, manjano ya kwenye shavu ina joto. Siku moja alimsifu, akasema ile regard yake, vile anatazama mbali, inaonyesha mtu aliye na amani ndani. Kaltumu akamjibu kwamba anawaza viazi vya Nyakiriba vimepanda bei, na Narcisse akatabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

Picha zikaonyeshwa katika hoteli moja ya ziwani. Mwenye kuandaa alikuwa Mwiza, mwanamke aliyekulia Uganda, mwenye sauti ya kukaribisha hata akiwa hakukaribishi. Alimpigia Kaltumu mwenyewe kumwalika. Kaltumu alivaa vitenge vyake vya harusi za watu na akamchukua Cansilde, kwa madai kwamba viatu vyake vinateleza kwenye vigae na anataka mkono wa kushika. Hilo la vigae Cansilde alilipokea bila neno.

Ukumbi ulikuwa na taa hafifu, kwa sababu watu wenye umeme wa uhakika hupenda kukaa gizani. Kaltumu hakuona kitu isipokuwa doa la manjano ukutani, na kutokana na kelele za watu akajua kwamba doa lile ni yeye. Cansilde akamsomea kadi iliyo chini yake: Utulivu, saa kumi na moja.

“Hii ndiyo imeniteka, Mama,” Mwiza alisema kando yake. “Ukiitazama, moyo unatulia.”

Wageni wakaja na maoni yao na glasi zao. Bibi mmoja akasema huyu mama anasali kimoyomoyo. Mwingine akasema la, anamkumbuka mumewe, ona macho. Kadiri angecheka mpaka akohoe. Bwana mmoja mwenye koti, aliyesimama karibu sana na harufu ya mvinyo wake, akasema unaweza kuona kabisa kwamba mwanamke huyu hakukosa kitu maishani. Kaltumu alisimama katikati yao, kidevu juu, akiwasikiliza. Walikuwa wanamtazama kipofu na kumwita mtulivu, wasomi wote hawa. Alikuwa amenusurika. Alijua anapaswa kufurahi, na chini ya furaha hiyo palikuwa na kitu kichungu ambacho hakutaka kukionja.

Cansilde peke yake hakusema neno. Alikuwa amesogea mpaka pua yake ikakaribia rangi, kama afanyavyo fundi mbele ya kazi ya fundi mwingine. Kisha akarudi, akaushika tena mkono wa Kaltumu, akaubana.

“Mama Rayhana.”

“Eh.”

“Huyu mama wa mu picha hashone na macho. Macho iko ku ukuta. Ako anashona na kidole.” Akapunguza sauti. “Na sindano haina uzi.”

Kaltumu hakuelewa. “Sindano gani?”

“Yako. Narcisse ameichora yote, mpaka tundu. Uzi ulitoka, uko umelala pale ku goti. Uko unashona bure.”

Aibu ilimpanda Kaltumu kutoka miguuni. Dakika ngapi, saa ngapi, jioni zipi, amekaa mbele ya mtu akichoma kitambaa kwa sindano tupu, na yule punguani hakumwambia, kwa sababu chuma kilikuwa kinang’aa vizuri. Alijaribu njia yake ya zamani. “We, mishono yako imepinda miaka kumi, leo unanifundisha sindano?”

Cansilde hakukasirika. “Tangu lini hauone?”

Watu walikuwa wanacheka mahali fulani nyuma yao. Kaltumu alisikia kwamba hana nguvu ya kudanganya na kusimama kwa wakati mmoja. “Miaka mbili,” akasema.

“Rayhana anajua?”

“Hapana. Na we hautamwambia.”

“Sitamwambia,” Cansilde akasema. “Lakini Mwiza amepiga foto, iko ku status ya mutaa yote. Rayhana atajionea yeye mwenyewe.”

Asubuhi ilimkuta Kaltumu ameketi kando ya cherehani, simu mapajani. Alikuwa ameandaa uongo wake: mchoraji ni mlevi, sindano amebuni, macho amekosea. Aliupanga kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuuamini. Kama Rayhana angeiona picha asubuhi hii, gari lingefika jioni. Mkono wake ulikuwa umeshika gurudumu la cherehani, na hakuuondoa. Cansilde akaja kuazima chaki ambayo hakuihitaji, akaketi. Saa nne simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Rayhana, na Cansilde akaubonyeza.

“Mama, nimeona picha. Uko muzuri kabisa, mpaka nimelia kidogo. Unajua nilikuwa nahangaika ju yako? Nilisema pengine mama anazeeka pale yeye peke yake, anatuficha kitu. Wiki hii nilikuwa nataka kuja. Lakini nimeona sura yako vile imetulia, nikasema hapana, mama iko sawa. Donc tutaonana ku Idi, Inshallah, ama ile ingine. Nimekuweka mbele ya simu yangu, kila mutu anakusifu.”

Sauti ikakatika. Kuku wa jirani walikuwa wanagombana uani.

“Basi umeshinda, Mama Rayhana,” Cansilde akasema taratibu. “Hakuona kitu. Unaweza kuendelea.”

Ndiyo, alikuwa ameshinda. Cherehani inabaki, nyumba inabaki, hakuna gari. Kaltumu alisubiri raha ya ushindi ije. Badala yake ilikuja hasira, na nyuma ya hasira yalikuja maumivu, makubwa kuliko ya ile siku ya daktari. Narcisse alikuwa na udhuru, hakuzaliwa humu. Bwana wa koti na mvinyo alikuwa na udhuru. Lakini Rayhana alijifunza kutembea akishikilia pedali ya cherehani hii. Alijua kwa sauti tu, akiwa jikoni, kwamba uzi umekatika. Na leo amemtazama mama yake, sindano tupu mkononi, macho ukutani, akaona kile kile alichokiona mlevi wa hotelini, na akaahirisha safari.

“Nipigie yeye,” akasema.

Cansilde akamtazama. “Una uhakika?”

“Piga.”

Simu ikapokelewa. Nyuma ya Rayhana zilisikika kelele za duka la vipuri, chuma kikigongwa chuma.

“Mama, umesikia message yangu—”

“Fungua ile picha.”

“Nimeiona, Mama, iko—”

“Fungua. Uliona ya Narcisse. Sasa angalia ya mama yako. Macho yangu inaangalia wapi?”

Rayhana akacheka kidogo, kama mtu anayeambiwa acheze mchezo. Kisha hakucheka. “Ku ukuta,” akasema.

“Na sindano?”

Mumewe alikuwa anamuuliza jambo huku anatafuna, na Rayhana akamwambia anyamaze, kwa ukali ambao Kaltumu hakuwahi kuusikia kwake. Cansilde alikuwa anatazama sakafu.

“Mama,” Rayhana akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Mbona haina uzi?”

“Ju mi sioni,” Kaltumu akasema. “Miaka mbili sasa. We ulikuwa unanitilia uzi ukiwa na miaka saba, na leo umeniangalia ukasema nimetulia.”

Alimsikia mtoto wake akilia, na hakumwambia anyamaze. Alijua alichokuwa amekifanya. Gari alilolikimbia miaka miwili alikuwa ameliita kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya shahidi, na hakujuta. Alikuwa amechoka kutazamwa na wajinga.

“Nakuja leo,” Rayhana akasema. “Nakuja kukuchukua.”

“Kuja,” Kaltumu akasema. “Ya kunichukua tutaongea ukishaniangalia.”